Wavu wa Dagaa kwenye Gari la Mdogo Wangu

Kuna asubuhi moja nilitamani gari la mdogo wangu lichemshe. Sikutaka liungue wala lifie porini. Nilitaka mshale wa joto upande kidogo tu, mvuke utoke mbele, washuke wote kando ya barabara, na mmoja wao aseme, "Hili tungempa kaka." Ndani ya gari hilo alikuwemo mama yetu, akipelekwa Mwanza kutolewa mtoto wa jicho. Nayasema haya mwanzoni ili huko mbele nisipate nafasi ya kujipamba.

Mimi ni fundi rejeta hapa Bariadi, na nilikuwa fundi rejeta kabla hatujawa mkoa. Kama hujawahi kuitazama rejeta kwa karibu, usione haya. Wapo wenye magari miaka na miaka ambao hawajawahi. Ni kitu kama dirisha jembamba lililojaa vijibomba. Maji hutoka kwenye injini yakiwa ya moto, hupita humo, upepo wa mbele huyapooza, kisha hurudi kwenye injini kuanza upya. Ukishaelewa kwamba mambo yote ni maji na upepo, umeielewa nusu ya kazi yangu. Nusu iliyobaki ni kupambana na uchafu.

Na uchafu wa huku una tabia zake. Msimu wa pamba, malori yakipita yamejaa hadi juu, nyuzi nyeupe huruka na kutanda kando ya barabara kama mvua ya mawe iliyosahau kuyeyuka. Gari likipita katikati yake, rejeta hunywa pamba. Ukienda upande wa ziwa, Lamadi na kwingine kule Busega, kuna vijidudu vinavyoinuka majini kama moshi, navyo hujibandika kwenye rejeta hadi upepo ukose pa kupita. Kwa hiyo sisi mafundi wa huku tuna dawa yetu: tunachukua wavu wa dagaa uliochakaa, tunaukata, tunaufunga mbele ya rejeta. Matundu yake ni madogo kiasi cha kuzuia pamba, na hayazuii upepo. Mimi huukaza kwa fundo la kufungia ndama, nililojifunza nikichunga kwetu Shishiyu. Ukikuta gari limefungwa wavu umekazwa kama ngozi ya ngoma, huna haja ya kuuliza, ni kazi yangu.

Sasa mdogo wangu akaja na gari.

Yeye anafanya kazi Mwanza, na siku zote amependa magari yasiyo na maana. Hili lilikuwa la milango miwili, jekundu, la zamani, lililokuja nchini likiwa tayari limezeeka. Maajabu yake yalikuwa mbele. Chini ya bampa palikuwa na spoila, bamba la kukata upepo, inayotembea yenyewe. Gari likifika mwendo wa kilomita themanini kwa saa, bamba lile hushuka chini kama mtu anayetoa mdomo wa kununa. Mwendo ukipungua, linarudi ndani. Pia kulikuwa na swichi karibu na usukani ya kulishusha ukiwa umesimama. Mdogo wangu aliibonyeza mbele ya nyumba yangu mara nisizoweza kuhesabu. Majirani walitoka na vikombe vya chai mkononi.

"Limenuna!" walisema.

"Limecheka tena!"

Mama, ambaye kwa wakati ule alikuwa akiona vivuli tu, alisogea, akainama, akapapasa bamba lile kwa mkono. "Mdomo wa gari," akasema, na jina likabaki hilo.

Shida ilikuwa kwamba gari lilikuwa linachemsha. Injini yake ni kubwa na imebanwa kwenye nafasi ndogo, na lilitengenezwa kwa nchi yenye baridi. Kutoka Mwanza hadi Bariadi alisimama mara mbili. Na Alhamisi ya wiki ile alitakiwa ampeleke mama hospitali. Madaktari wa macho walikuwa na orodha yao. Ukikosa siku yako unarudi nyuma ya foleni, na mama alikwisha kusubiri vya kutosha.

Nilifuta mikono. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani: rejeta nene zaidi, feni mbili, na rejeta ndogo ya kupooza oili. Nikasema, "Liingize tu ndani."

Mdogo wangu akatazama viatu vyake. "Braza, kuna fundi nimeongea naye. Wa Lamadi. Ameshafunga vitu hivi kwenye pikapu za samaki. Vifaa nimekuja navyo kwenye buti. Anakuja kesho."

"Fundi gani wa Lamadi?"

"Dada mmoja hivi."

"Na mimi?"

"Wewe utamlehemia akihitaji."

Utamlehemia. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Alikuja Jumatatu asubuhi na begi la spana begani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa wauza samaki. Pikapu za ukoo wao hukimbiza sangara wakiwa kwenye barafu, na gari linalokimbiza barafu halina ruhusa ya kusimama kuchemsha. Ndivyo alivyojifunza kazi. Alimpigia mama goti kidogo, akamwamkia Kisukuma kama mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane," mama akamjibu, akimwita mwanangu, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaipapasa viganja. "Mh! Mikono hii inafanya kazi."

Mimi mama alinizaa. Sikumbuki kama aliwahi kuvipapasa viganja vyangu tangu nianze kushika spana.

Nitakueleza kazi ilivyokuwa, maana bila hiyo hutaelewa nilivyokosea. Gari la kawaida, ukitaka kuliongezea upoozaji, mbele pana nafasi tupu. Unaweka rejeta ndogo ya oili pale katikati chini, penye upepo mzuri, unamaliza. Gari hili mahali hapohapo palikuwa na mota ya mdomo, mikono miwili ya kuubeba, na fito nyembamba ya chuma iliyokwenda kutoka kushoto hadi kulia. Ile fito ndiyo huzunguka na kuushusha mdomo.

"Toa hicho kidude," nilisema. Sikuwa nimeombwa maoni. "Ni urembo. Ukikitoa unapata nafasi yote."

"Naweza kukitoa," alisema, bila kugeuka. "Lakini kaka, twende kwanza barabarani tukaone kama ni urembo."

Tukaenda watatu barabara ya Lamadi, mdogo wangu akiendesha, mimi nyuma nimekunja magoti hadi kidevuni. Yule dada akamwambia aende tisini mdomo ukiwa umezimwa usishuke. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Kisha akamwambia auwashe. Mdomo ukashuka, tukausikia chini yetu ukinguruma, na baada ya muda mshale ukatulia, ukarudi kidogo. Kidogo, lakini niliona.

Sababu yake ni rahisi, na ningependa ingetoka kinywani mwangu. Fikiria chumba chenye joto. Ukifungua dirisha la mbele tu, upepo hauingii vizuri, kwa sababu hewa iliyomo ndani haina pa kutokea. Ukifungua na mlango wa nyuma, inapita. Chini ya gari ndiko mlango wa nyuma wa injini. Gari likikimbia, upepo mwingi huingia chini ya tumbo na kuuziba mlango ule. Mdomo ukishuka, huuzuia upepo wa chini, mlango unafunguka, na rejeta inapata pumzi. Yeye aliyaeleza haya kwa maneno machache sana, akionyesha kwa viganja. Mdogo wangu akaitikia, "Aaah!" Mimi nimemweleza mdogo wangu mambo ya magari tangu anavaa kaptula, na "aaah" ya namna ile sijawahi kuipata.

Tuliporudi akaenda jikoni, akamwomba mama kiporo cha ugali. Nilidhani ana njaa. Akaufinyanga vibonge, akavibandika pale chini katikati, mahali ambapo mimi ningeweka ile rejeta ya oili.

"Dada," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "gari la Kijapani linakula ugali?"

"Linakula, kaka. Tusubiri tuone limeng'ata wapi."

Akabonyeza swichi. Mdomo ukashuka. Akabonyeza tena, ukarudi. Tukainama. Vibonge vyote vya katikati vilikuwa vimebanwa bapa kama chapati. Ningeiweka rejeta pale, mdomo ungeirudia na kuipasua safari ya kwanza. Vibonge vya kona ya kushoto, mbele ya tairi, vilikuwa vizima. "Hapa ndipo nyumbani kwake," akasema. Akakata bati la debe la mafuta ya kula, akalikunja kuwa njia ya kuupeleka upepo kwenye kona ile. Kazi yangu ilikuwa kulehemu kona mbili za bati hilo. Nililehemu vizuri mno, kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyesifu.

Jumanne mama alichinja kuku. Ngoja nieleze jambo hili nalo, kwa kuwa si kila msomaji anatoka kwetu. Firigisi haikatwi wala haigawiwi ovyo. Ni ya mwenye nyumba. Alipofariki baba, ikaja kwangu, mtoto wa kwanza. Hakuna aliyetangaza, siku moja tu niliikuta kwenye sahani yangu, na tangu hapo imekuwa yangu. Siku ile nilipakua mchuzi nikatafuta kwa kijiko. Shingo ipo, paja lipo. Nikainua macho. Firigisi ilikuwa kwenye sahani ya fundi wa Lamadi, juu ya ugali, inang'aa.

"Kula, ng'wanawane," mama alikuwa akimwambia. "Wewe ndiye unayenipeleka Mwanza."

Yule dada alinitazama mara moja. Alijua. Kwao nako wana mila hizo. Akaishika ile firigisi kana kwamba imemuunguza, akasita, kisha akaila, kwa kuwa kumrudishia mama chakula chake kungekuwa kosa kubwa zaidi. Nilitafuna shingo ile kwa muda mrefu.

Jumatano asubuhi alimaliza. Rejeta mpya nene ndani, feni mbili, rejeta ya oili kwenye kona yake, mipira ya oili imepita vizuri, mdomo unashuka na kupanda bila kugusa kitu. Wakaenda kulijaribu, wakarudi mdogo wangu anacheka peke yake kama mwehu. Mshale ulikuwa umesimama katikati hausogei. Nikiwa nyuma ya ukuta, nikimwaga oili chafu, nikamsikia yule dada akimwambia, "Wavu bado sijaweka. Pale mbele pana kitu kinachotembea, nataka niutengenezee fremu yake. Kwa safari moja si kitu, rejeta ni mpya. Mkirudi nitaufunga." Kisha akapanda pikapu ya shangazi yake, akaenda zake.

Alisema yote hayo kwa Kiswahili kilichonyooka, na mimi nilisikia nusu tu niliyoitaka: hajaweka wavu. Msimu wa pamba, Bariadi, na fundi ameliachia gari bila wavu! Moyo wangu ulifurahi kwa namna ambayo siyo nzuri. Nilipata pa kuingilia. Wangerudi kutoka Mwanza rejeta ikiwa safi, mdogo wangu angeinama aone wavu umekazwa kama ngoma, angeuliza, na mimi ningesema bila haraka, "Ah, ule? Niliona umesahauliwa."

Mchana mdogo wangu alikwenda kwa kinyozi. Nikachukua wavu, nikalala chini ya bampa. Juu niliufunga kwenye vyuma vya bampa. Upande wa kulia, penye bolti. Upande wa kushoto nikapitisha kamba nyuma ya mpira wa oili kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine. Na chini, chini kulikuwa na fito nzuri, nyembamba, imenyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kana kwamba imewekwa hapo kwa ajili ya mtu kufungia wavu. Nikaukaza kwa mafundo kumi na mawili.

Unaijua fito hiyo. Nilikwisha kukutajia. Mimi mwenyewe siku mbili kabla nilikuwa nimeinama kuangalia ugali uliobanwa nayo. Nikiwafundisha watu kazi huwa nawaambia: kabla hujafunga kitu, tingisha kila kitu kilichopo uone kipi kinatembea. Ningebonyeza swichi ile mara moja tu ningeona. Lakini gari lilikuwa limesimama, fito ilikuwa imetulia, na mimi nilikuwa nasikiliza sauti yangu ikisema, "Ah, ule?"

Alhamisi waliondoka jua likichomoza. Mama alikaa mbele, kitenge kipya, mikono mapajani. Hapo ndipo nilipokuwa na yale matamanio niliyoanza nayo. Nilisimama barabarani nikalitazama gari hadi likawa doa jekundu, nikaomba lichemshe kidogo, mahali pa salama, kwa sababu yoyote isiyonihusu.

Simu ililia sijamaliza chai.

"Braza, gari linatoa moshi," mdogo wangu alisema. "Mdomo umekwama katikati, haushuki haupandi. Oili inavuja. Nimelizima haraka. Tupo karibu kuingia Lamadi."

"Mama?"

"Yupo hapa. Nimempigia huyo fundi anakuja. Fundi gani huyu! Ametuua."

Nilikiweka kikombe chini. Hapohapo niliona kila kitu, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio mzuri kama somo. Gari linafika themanini, fito inazunguka, inauvuta wavu. Ng'ombe wanavuka, gari linapunguza mwendo, fito inarudi. Tuta, inarudi. Themanini tena, inavuta tena. Na kamba yangu imepita nyuma ya mpira wa oili, na kila ikivutwa inausugua mpira kwenye ukingo wa bati. Bati lililolehemiwa vizuri mno.

Nilichukua pikipiki ya kukodi. Njia nzima niliona pamba kando ya barabara, nikaichukia.

Nilipofika, mama na mdogo wangu hawakuwepo. Yule dada alikuwa amewapakia kwenye pikapu ya shangazi yake iliyokuwa inapeleka samaki Mwanza, mama mbele, mdogo wangu nyuma juu ya makasha. Gari jekundu lilikuwa pembeni, limeinuliwa kwa jeki, miguu ya yule dada ikiwa imetokeza chini. Alipotoka alikuwa na wavu mkononi, umejisokota kama kamba ya kufungia fahali, umeshiba pamba.

"Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka."

Akaniwekea ule wavu miguuni. Hakuutupa, aliuweka. "Fundo hili nalijua," akasema. "Kila gari la Bariadi likija kwangu hujikata vidole kulifungua. Huwa nasema, huyu mtu angefunga ngamia, ngamia angezeekea hapo."

Niliutazama wavu. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Mdogo wangu."

"Nimemwambia kitu kimenasa kwenye mdomo. Ni uongo?" Akafuta mikono. "Anadhani mimi ndiye niliyefunga. Alikuwa anapiga kelele, mayu anatetemeka. Ule haukuwa wakati wa kuanza kesi. Nishikie tochi."

Nikamshikia tochi. Na nitakuambia kilichoniuma wakati ule, ingawa si kitu cha kujivunia. Sikuumia kwanza kwa aibu. Niliumia kwa sababu ningekuwa mimi, ningesema. Ningesema palepale, kwa sauti, mbele ya mama mzazi wa aliyekosa. Alinishinda kwa ugali, akanishinda kwa firigisi, na sasa amenishinda hata kwa uungwana, akiwa amelala chini kwenye vumbi na oili inamdondokea shingoni.

Injini ilikuwa salama. Mdogo wangu alizima mapema, hilo nilimfundisha mimi. Tukakata kipande cha mpira kilichosagika, tukaunganisha. Tukaichomoa ile fito, akainyoosha juu ya jiwe. Jua lilipokuwa katikati, simu yangu ikalia. Mikono yangu ilikuwa imejaa oili, nikabonyeza kwa kidole cha mwisho, sauti ikatoka nje.

"Braza, mama ameingia. Tulifika wa mwisho kabisa, nesi alikuwa ameshafunga daftari. Shangazi wa huyu dada alimsemesha Kisukuma hadi akalifungua." Alikuwa anapumua kwa nguvu. "Sikiliza. Huyo fundi yupo hapo?"

Nikamtazama. Alikuwa chini ya gari, spana ikizunguka, kri, kri, kri.

"Yupo."

"Mwambie akimaliza asiliguse tena gari langu. Na watu wangu wa Mwanza wenye magari ya namna hii niliotaka kumletea, basi. Nitakuletea wewe. Nilikosea, kaka. Kuanzia leo hili gari ni wewe tu."

Spana ikanyamaza.

Ni maneno niliyoyangoja tangu Jumapili, na pengine miaka kabla ya hapo. Yalikuja yote, kwa mpangilio niliokuwa nimeyapanga, hata "nilikosea" ilikuwemo. Nilichotakiwa kufanya ni kusema "sawa". Na yule aliyekuwa chini ya gari nilijua angekaa kimya. Hilo ndilo lililonishinda kulibeba.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Wavu. Nimeufunga mimi jana ukiwa kwa kinyozi. Nimeufunga kwenye fito ya mdomo. Yeye alisema ataufunga mkirudi, nilimsikia."

Nyuma yake niliwasikia watu wa hospitali wakiitana. "Sasa kwa nini, kaka?"

Ningeweza kusema pamba. Pamba ilikuwepo, imejaa miguuni pangu, shahidi mzuri. "Kwa sababu ya firigisi," nikasema.

"Nini?"

"Alipewa firigisi."

"Kaka. Mama yuko ndani anapasuliwa jicho, na wewe unaniambia habari za firigisi?"

Chini ya gari kukatoka kicheko, kile cha mtu aliyejizuia hadi kifua kimeuma. Mdogo wangu akakisikia. Akauliza nani anacheka. Nikamwambia ni fundi wako. Akakata simu, na kwa siku mbili hakunipigia.

Mama alirudi Jumapili kwa gari lilelile, mdomo ukipanda na kushuka, jicho moja likiwa na bandeji. Alikuwa ameshaambiwa yote. Alinitazama kwa jicho lililobaki, lile ambalo bado lilikuwa na ukungu, akanipapasa shavu. Nilingoja anisute.

"Ungesema, ng'wanawane," alisema. "Ningechinja kuku wawili."

Bandeji ilipotolewa alitaka kwanza kuuona ule mdomo. Tulimwekea kiti mbele ya gari. Mdogo wangu akanipa ufunguo, nikaingia nikabonyeza. Mama akatazama ukishuka, akatazama ukipanda, akaniambia nirudie. Kisha akasema kumbe ni mwekundu, yeye siku zote aliufikiria mweusi.

Wavu tuliuweka baadaye, mimi na yule dada. Fremu ya nondo nyembamba iliyosimama yenyewe nyuma ya mdomo, karibu kabisa na rejeta, haigusi kitu chochote kinachotembea, na unaichomoa kwa juu kuipukuta pamba. Wazo la kuichomoa kwa juu lilikuwa langu. Kabla ya kufunga tuliijaribu kwa ugali, na ugali niliufinyanga mimi. Alipoona inafaa akaanza kuziweka kwenye pikapu zao zote, na anawaambia wateja, "Hii ni ya yule kaka wa Bariadi." Wanakuja kunieleza. Wale wa Mwanza walimwendea yeye, kama ilivyokuwa haki, nao husogea hadi hapa kunisalimu kabla ya kurudi kwao, rejeta zao zimetulia, midomo yao inashuka vizuri, na wananiambia nimesifiwa huko Lamadi.

Nawashukuru. Wabeja sana, nawaambia. Halafu nainama mbele ya gari, nakagua fremu pembe kwa pembe, polepole, nikitafuta hata fundo moja la yule dada lililolegea.